Mkabaji wa Pembeni katika Kandanda ya Wamarekani
(Mazungumzo mbele ya wanafunzi na waliosoma shuleni zamani, Kilosa)



Nimetoka Mikumi asubuhi hii, nikaombwa niseme habari za michezo. Nitasema juu ya kandanda ya Wamarekani, ile ya mpira wenye umbo la yai, maana ndani yake alikuwamo mtu wa damu ya Afrika Mashariki ambaye wengi wenu hamjamsikia.

Jina lake Mathias Kiwanuka. Babu yake, Benedicto Kiwanuka, alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda na baadaye Jaji Mkuu; mwaka 1972 watu wa Idi Amin walimkamata akiwa mahakamani, akauawa. Mjukuu alizaliwa Marekani mwaka 1983, na mwaka 2006 alichukuliwa na timu ya New York Giants.

Kazi yake ilikuwa kumvamia mrusha mpira kutokea pembeni. Mrushaji wa mkono wa kulia, akijiweka tayari kurusha, huupa mgongo upande wake wa kushoto, na hatari hutokea huko asikokuona. Katika mpango wa nne-tatu, watu 4 huinama mstari wa mbele na 3 husimama nyuma yao. Mvamizi ni yule wa mwisho mstarini, mkono chini. Katika tatu-nne, mvamizi mara nyingi ni mmoja wa waliosimama, na mpinzani hajui kama atavamia au atarudi nyuma kuzuia pasi.

Vijana hupenda huko kuvamia tu. Lakini wa pembeni akiingia ndani ovyo, mwenye mpira hupita palepale alipopaacha wazi.

Novemba 2006, Giants waliongoza 21–0 dhidi ya Tennessee Titans. Titans walipoanza kurudisha, Kiwanuka alimkamata mrushaji wao, Vince Young, katika jaribio lao la mwisho, kisha akamwachia akidhani mpira umekwisha rushwa. Young akakimbia nao. Titans walishinda 24–21.

Mwaka 2007 makocha wakamrudisha nyuma ya mstari, kwa kuwa pembeni walikuwapo Strahan, Umenyiora na Tuck. Akajifunza kazi mpya, na Novemba akavunjika mguu. Februari 2008 wenzake waliwafunga New England Patriots 17–14, wakimwangusha mrushaji Tom Brady mara 5. Zilipokutana tena Februari 2012, Giants wakashinda 21–17, Kiwanuka alikuwamo, akicheza nyuma ya mstari. Mimi namsifu zaidi kwa msimu huo kuliko ule wa kwanza.

Sasa, Jumamosi mnacheza na vijana wa Mikumi. Winga wao wa kushoto ni mwepesi sana, na beki wenu wa kulia nimemwona mazoezini akipanda bila mtu wa kumshikia nafasi. Nahodha, tukutane uwanjani saa kumi, uje naye.