Tuhesabu na Miaka Mibaya

(Maongezi na vikundi vya kujisaidia, Mtangawanda)

Leo tuzungumze juu ya mbegu na mvua.

Hapa Mtangawanda kila mtu anajua: nahodha hapakii chombo kana kwamba bahari itakuwa shwari siku zote. Lakini shambani je? Wengi wetu hupanda kwa kukumbuka ule mwaka wa neema, ile mibaya tukaisahau. Na mvua imetufunza. Tangu mwisho wa 2020 hadi 2022, sehemu nyingi kavu za Kenya zilikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo. Mwisho wa 2023 yakaja mafuriko.

Huko Katumani, Machakos, katika miaka ya 1980, watafiti wa Kenya na Australia waliilisha kompyuta hesabu za mvua ya kila siku ya miaka mingi, pamoja na aina ya udongo, mbegu na siku ya kupanda. Kompyuta ikakadiria mavuno ya mahindi ya kila mwaka, mzuri na mbaya. Wakulima wa ngano Australia nao husaidiwa hivyo. Kompyuta haijui mvua ijayo. Inaonyesha tu kila mpango una hatari gani.

Sisi twaweza kuanza na daftari. Tuseme, kwa mfano tu, katika miaka mitano mitatu ni mizuri. Shamba zima likiwa mahindi, mwaka mzuri twavuna magunia 10, mwaka mbaya hatupati kitu: jumla 30. Tukigawa shamba, mahindi nusu, mtama na kunde nusu, mwaka mzuri twapata 8, mwaka mbaya 2: jumla 28. Upi bora? Wa kwanza una magunia mengi, lakini una miaka miwili ya kula mbegu na kukopa dukani. Tumbo halili jumla, lala kila siku.

Basi, kila kikundi kiweke mkebe ulionyooka mahali pa wazi. Kila asubuhi pimeni maji kwa rula, andikeni, kisha mwageni. Andikeni pia siku ya kupanda, mbegu na mavuno. Waulizeni wazee miaka ya njaa. Kabla ya mvua za mwaka, kaeni pamoja mlinganishe mipango miwili, na swali la kwanza liwe: mwaka ukiwa mbaya, watoto watakula nini?