Udongo Uliotoka katika Milima ya Moto

Wasikilizaji, mtu apitaye njia ya Mai Mahiu kwenda Narok huona udongo wa kijivu, mwepesi hata upepo mdogo huinua vumbi lake. Udongo huo ulitupwa zamani na milima ya moto ya Bonde la Ufa, kama vile Suswa na Longonot, ambao kilele chake ni mita 2,776 juu ya bahari. Upande wa Nakuru, Menengai ulifanya vivyo hivyo.

Milima hiyo ilipopasuka, mawe yaliyoyeyuka yalikuwa yamejaa hewa, nayo yakafura kama povu. Povu lilipopoa upesi likawa jiwe lenye vitundu vingi, jepesi hata huelea majini. Ndilo jiwe ambalo watu husugulia nyayo. Yaliyosagika kabisa yakawa majivu, yakachukuliwa na upepo, yakaanguka mabondeni tabaka juu ya tabaka.

Udongo huu una faida. Jembe huingia bila taabu, mizizi hushuka chini sana, wala maji ya mvua hayatuami juu yake. Lakini una tabia tatu ambazo hapana budi mkulima azijue.

Kwanza, penye changarawe nyingi za mawe hayo mepesi, maji hupita upesi, na mazao hunyauka mvua ikikawia. Pili, majivu yaliyooza hushika mbolea ya fosfeti kwa nguvu hata mmea hauipati. Kwa hiyo yafaa mbolea hiyo itiwe karibu na mbegu pamoja na samadi, wala isitawanywe shambani kote.

Tabia ya tatu ndiyo ya hatari. Chembe za majivu hazishikani. Maji hukata makorongo kwa upesi, na mengine huzama chini, yakazoa majivu yaliyojaza nyufa za kale. Juu hubaki ardhi iliyo kama dari tupu, kisha siku moja huanguka.

Ndivyo ilivyokuwa mwezi wa Machi 2018. Baada ya mvua kubwa, ardhi ilifunguka karibu na Suswa na kuikata barabara ya Narok. Wengine walisema Afrika imegawanyika. Ni kweli kwamba Bonde la Ufa linapanuka, lakini kwa milimita chache tu kila mwaka. Wataalamu kadhaa wa miamba walieleza kwamba ni maji yaliyoondoa majivu katika ufa wa zamani. Katika mji wa Nakuru pia nyufa za namna hii zimefunguka wakati wa mvua.

Basi, mwenye shamba penye udongo huu asiuache uchi. Na alime kwa kukingama mteremko, apande safu za majani, aache mabua yaoze shambani badala ya kuyachoma, wala asielekeze maji ya mfereji kwenye bonyeo jipya. Tena asijenge nyumba juu ya mstari uliopata kutitia, hata kama umefukiwa vizuri. Wazee walisema kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Lakini katika nchi ya majivu, ufa uliozibwa kwa udongo ule ule hufunguka tena mvua inaporudi.