Upepo wa Tairi la Nyuma

Msikilizaji wa Juba, hasa wewe uliyeegesha pikipiki yako ya Senke pale soko la Konyokonyo ukisubiri abiria, haya yanakuhusu. Leo tuzungumzie upepo wa tairi la nyuma, maana vijiweni utasikia kwamba wanaoshindana mbio hupunguza upepo ili pikipiki ichomoke, basi na mwenye boda afanye vivyo hivyo.

La kwanza ni kweli. Katika mbio za mita 402 za mstari ulionyooka, nguvu yote ya injini hupitia kipande kidogo cha raba kinachogusa lami. Upepo ukipungua, kipande hicho hutanuka, na tairi hushika lami badala ya kuzunguka bure. Fundi wa mbio hupunguza nusu paundi kwa nusu paundi, kisha hukagua alama nyeusi iliyobaki chini. Ikikolea pembeni na kupauka katikati, upepo umepungua mno. Ikikolea katikati tu, umezidi.

Lakini tairi lile ni pana na laini, limetengenezwa kwa kazi hiyo, na linabeba mtu mmoja kwa sekunde kumi hivi. Lako linabeba abiria wa mshikaki na gunia la unga hadi Gumbo! Tairi jembamba lenye upepo haba hukunjika ubavuni kila linapozunguka, na kule kukunjika ndiko kunakozaa joto. Mbaya zaidi, ukivuta mafuta kwa nguvu au kukanyaga breki, tairi huteleza juu ya ringi likiburuta tyubu, nozo ikang'oka. Hapo upepo unaisha mara moja, nawe uko katikati ya barabara ya Nimule, malori ya kutoka Uganda yakiwa nyuma yako.

Pikipiki nyingi za injini ya cc 100 hadi 150 hutaka karibu paundi 28 nyuma ukiwa peke yako, na 32 ukiwa na abiria. Namba halisi ya yako itafute kwenye kibandiko au kitabu chake. Pima asubuhi kabla hujatoka. Kwa jua la Juba la mwezi Machi, geji ya saa nane mchana itasoma paundi kadhaa zaidi. Ziada hiyo usiitoe, kwani tairi likipoa usiku utaamka na pungufu.

Kubonyeza kwa kidole gumba hakutoshi. Fundi pancha akimaliza kujaza, mwambie aweke geji, uione namba mwenyewe kabla hujamlipa.