Ukiona Dawa Haikusaidii, Usiiache Kimya Kimya



Haya ni maneno niliyozungumza na vijana wa Malindi baada ya Ishaa. Wengi waliomba niyaandike, nami nimeyaandika karibu vile vile nilivyoyasema.

Nianze na binamu yangu. Amenipa ruhusa, jina lake nalibana. Ana ugonjwa wa bipola. Akipanda, halali siku tatu, anaongea bila kituo, anagawa pesa asizokuwa nazo. Mara moja aliuza pikipiki ya babake kwa bei ya kutupa. Akishuka, haogi, hali, hasali, analala akitazama ukuta. Alipoanzishwa dawa tulishukuru. Miezi minne baadaye akaja kwangu na mfuko wa vidonge, akaumwaga mkekani.

"Kaka, hizi si dawa, ni peremende. Nameza na bado ni yule yule. Nimeacha."

Sasa wewe unayesoma, huenda ni wewe. Au ni dadako, au ni rafiki wa maskani ambaye mnasema "ameanza tena". Sikumwambia avumilie. Mtu akiambiwa vumilia kila siku, hufika pahali akanyamaza, na hapo hujui tena anawaza nini. Nilimwambia hivi: ukiona dawa haikusaidii, hiyo ni habari ya kumpelekea daktari. Si hukumu ya kujikatia peke yako. Kuacha lithiamu ghafla kunaweza kukupandisha tena kwa haraka, na dawa nyingine kama kabamazepini na valproeti pia hazitakiwi kukatwa siku moja.

Tukanunua daftari. Kila usiku aliandika mambo manne: amelala saa ngapi, amemeza dawa au la, ametumia nini kingine, na moyo uko vipi kutoka 1 hadi 10. Baada ya siku 30 tukakaa tukalisoma. Wallahi, lile daftari lilisema mengi kuliko sisi sote.

Siku 11 hakumeza dawa. Siku 3 alisahau. Siku 8 hakuwa nayo: alikwenda dirishani akaambiwa imeisha, kanunue nje, na pesa ya nje hakuna. Sasa hapo dawa imeshindwa, au haikufika tumboni? Msiseme kijana ni mkaidi kabla hamjauliza kama dawa ilikuwepo.

La pili ni muguka. Mnajua Mei 2024 gavana wetu Gideon Mung'aro aliipiga marufuku hapa Kilifi, na mambo yakaishia mahakamani. Mimi leo siko kwenye siasa yake. Nasema hivi tu: muguka hukunyima usingizi, na kwa mwenye bipola usingizi ukikatika ndio mlango wa kupanda. Binamu alitafuna usiku 9 katika ule mwezi. Unameza kitu cha kukutuliza saa mbili, saa nne unatafuna cha kukukesha. Unavuta kamba pande zote mbili.

La tatu hatukulijua kabisa. Yeye hubeba mizigo sokoni, mgongo ukimuuma anakwenda kemisti ananunua Brufen. Lithiamu ni chumvi. Daktari John Cade wa Australia alichapisha habari za kuitumia kwa wagonjwa wa kupanda mwaka 1949, na mpaka leo ni katika dawa bora za ugonjwa huu. Lakini nafasi yake ni nyembamba. Kiwango kinachotafutwa kwenye damu mara nyingi ni kati ya 0.6 na 1.0 milimoli kwa lita. Ikiwa chini, ni kweli huoni faida. Ikizidi, inakuwa sumu: mikono inatetemeka sana, unatapika, unaharisha, unayumba. Ukiona hivyo nenda hospitali siku hiyo hiyo. Brufen na diklofenaki huipandisha. Kutoka jasho jingi bila kunywa maji pia huipandisha. Kwa hiyo uliza: "Damu yangu imepimwa lini?" Kipimo huchukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Na tezi ya shingoni na figo nazo zipimwe, maana lithiamu inaweza kuipunguzia tezi nguvu, ukawa mzito na mnyonge ukadhani ni ugonjwa umerudi.

Hapa nataka tuseme kuhusu Ramadhani, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapoangukia. Miaka hii mfungo unakuja na joto la kaskazi. Maji hakuna mchana, usingizi umekatika kwa daku, dozi imesogea. Watafiti wa Casablanca, Moroko, walichapisha mwaka 2000 habari za wagonjwa 20 wa bipola waliokuwa kwenye lithiamu: asilimia 45 walirudiwa na ugonjwa katika Ramadhani. Wengine wa Peshawar, Pakistani, waliwafuata wagonjwa 62 na hawakuona kiwango cha lithiamu kikiharibika. Basi hakuna jibu moja la kila mtu. Mwone daktari mapema, Shaabani, si siku ya kumi ya mfungo. Ukiambiwa usifunge, ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185. Usione haya kutumia ruhusa aliyokupa Mola wako.

Na kuna mtu amefanya yote. Hatafuni, hakosi dozi, analala, na bado anazama. Ndugu yangu, wewe hujakosea. Dawa moja haimfai kila mtu. Kwanza, zinahitaji muda: kwa kupanda ni wiki kadhaa, kwa kushuka huenda zaidi. Pili, huenda ulipewa dawa ya huzuni peke yake kwa sababu ulikwenda hospitali ukiwa umeshuka, hukusimulia zile siku ulizopanda. Dawa hiyo ikiwa peke yake inaweza kumrusha mwenye bipola juu. Simulia yote, nenda na mtu wa nyumbani asimulie usiyoyakumbuka. Tatu, daktari anaweza kupandisha dozi, kubadilisha, au kuongeza ya pili. Sema waziwazi: "Nimeimeza muda huu wote, daftari hili hapa, sijapata nafuu. Tufanye nini?"

Dada zangu, valproeti ina hatari kubwa kwa mtoto tumboni. Ikiwa unaitumia na una posa, au umeshaolewa, ulizia kubadilishiwa kabla ya mimba. Ukishashika mimba, kimbilia kliniki, usiache mwenyewe.

Kuhusu maalim na ruqya: soma, somewa, omba dua, hakuna aliyekukataza. Lakini anayekwambia utupe dawa ndipo dua ifanye kazi, huyo muogope. Waislamu wa Aleppo walikuwa na Bimaristan ya Arghun tangu 1354, nyumba ya tiba iliyowahudumia wagonjwa wa akili. Tiba si ugeni kwetu. Kufunga mtu minyororo nyuma ya nyumba ndiyo aibu.

Na ukifika pahali unawaza kujiua, sema. Zamani watu walificha kwa kuogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilikufanya mhalifu. Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Basi usiogope kufunguka. Mpe mtu unayemuamini akuwekee dawa, asikuache peke yako, mwende hospitali. Msalaba Mwekundu wanapokea simu bure kwa 1199.

Na dawa ikiwa haipo dirishani? Kifungu cha 43 cha Katiba kinakupa haki ya afya. Andikeni tarehe mliyoambiwa imeisha na jina la dawa, mkusanye kumi, ishirini, mpeleke kwa mwakilishi wenu wa wadi. Mtu mmoja akilalamika huambiwa mgonjwa. Ishirini wakija na tarehe, watasikilizwa.

Binamu alirudi kliniki na daftari lake. Damu ikapimwa, kiwango kilikuwa chini. Dozi ikarekebishwa, baadaye akaongezewa dawa ya pili. Mgongo anauza maumivu yake kwa daktari sasa, si kwa kemisti. Hajapona, na mwaka huu alishuka tena wiki mbili. Lakini alinipigia simu siku ya tatu, si mwezi wa tatu. Pikipiki ya babake haikurudi. Mwenyewe yupo, alhamdulillah.

Kesho nunua daftari. Ikiwa si lako, mnunulie unayemjua, umkumbushe kuandika.

Wassalamu alaikum.