Mkubwa wa Kazi na Neno la Nasaha





Leo twapenda kuzungumza na wale waliopewa ukubwa juu ya wenzao kazini: mwalimu mkuu, msimamizi wa karakana, mkuu wa ofisi, hata mwenye duka aliye na vijana wawili wa kumsaidia.

Wanahistoria wanasimulia kwamba huko Badr, mwaka wa 2 wa Hijra (624), Mtume (S.A.W.) alipokwisha kupiga kambi alijiwa na Al-Hubab bin Al-Mundhir. Al-Hubab hakuanza kwa kulaumu. Aliuliza kwanza iwapo mahali pale pamechaguliwa kwa amri ya Mwenyezi Mungu, au ni rai na mbinu za vita. Alipojibiwa kuwa ni rai, ndipo aliposema kuwa hapafai, akatoa na njia: waende mpaka kisima kilicho karibu zaidi na adui, wavifukie visima vingine, nao wajijengee birika la maji. Mtume akaikubali rai ile, jeshi likahama. Tazameni basi: aliyetoa rai ni askari, na aliyeipokea ni Mtume wa Mwenyezi Mungu! Nasi tunao wakubwa ambao karani akiwaonyesha hesabu iliyokosewa, huona wamevunjiwa heshima. Mwezi wa pili karani hunyamaza, na hesabu huzidi kuharibika.

Ama mkubwa anapomsahihisha aliye chini yake, tumwangalie Muawiya bin Al-Hakam. Alisema ndani ya sala. Watu wakamkodolea macho, wakapiga mapaja yao. Sala ilipokwisha, Mtume hakumkemea wala hakumtukana, bali alimweleza kuwa sala haichanganyiki na mazungumzo ya watu. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Muslim, na aliyeisimulia, kwa kumsifu mwalimu wake, ni yule yule aliyekosea. Ni wangapi waliokaripiwa mbele ya wenzao watakaomsimulia mkubwa wao hivyo?

Na Abdullah bin Umar, alipokuwa kijana, Mtume alimsifu mbele ya dada yake, Bibi Hafsa, kuwa ni mtu mwema, kisha akataja jambo moja tu lililopungua: kusali usiku. Hakuongeza la pili. Salim, mwanawe Abdullah, anasimulia kwamba tangu hapo baba yake hakuwa akilala usiku ila kidogo.