Kupokea Arubuni Unapouza Mashua

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa elimu wa tawi, Mombasa)



Kamati ya Elimu imetuomba tuseme nanyi habari ya arubuni, yaani fedha ya kwanza ambayo mnunuzi humpa mwuzaji ili kitu kisiuzwe kwa mtu mwingine. Huenda mmoja wenu akauliza, "Jambo hili lahusu nini chama cha wafanyakazi?" Twamjibu kwamba lahusu sana. Wengi wetu tuliofanya kazi bandarini, tukipata kiinua mgongo, twawaza nyumba au chombo. Mtu hununua mashua, akamtafuta nahodha, akatumaini kwamba bahari itamlisha uzeeni. Siku shida inapobisha hodi, mashua ndiyo inayouzwa. Basi fedha ya mashua ni mshahara wa miaka mingi uliogeuzwa kuwa mbao na misumari. Mtu akiipoteza kwa sababu ya maneno machache yasiyoandikwa, amepoteza kile ambacho chama kilikipigania.

Sisi si mawakili. Tunasema nanyi kama watu waliokwisha kuungua.

Sisi watatu mnaotuona hapa mbele tulikuwa na mashua moja ya futi 24, tuliyoinunua kwa shirika. Mke wa mmoja wetu akaugua, tukapatana tuiuze kwa shilingi 300,000. Kaskazi ilikuwa ndiyo inaanza, wakati ambapo wanunuzi hawakosi. Akaja bwana mmoja, mfanyakazi kama sisi, mtu wa adabu. Akaizunguka mashua, akaigonga mbao, akasema, "Wazee wangu, nimeipenda. Pokeeni hizi 60,000, zilizobaki nitaleta." Sisi tukajibu, "Haya bwana, Mungu akuwezeshe." Tukapeana mikono. Hakuna aliyeuliza, "Lini?" Hakuna aliyeshika kalamu.

Fedha zile zilikwenda hospitali siku ile ile. Baada ya majuma mawili akaja mtu wa pili na shilingi 280,000 taslimu. Tukamkataa, kwa kuwa tumekwisha kupokea za mwenzake. Miezi miwili ikapita, ndipo yule wa kwanza akarudi. Ndugu yake aliyemwahidi mkopo alikuwa ameghairi, naye sasa ataka 60,000 zake zote. Tukamwambia, "Arubuni hairudi." Akasema, "Mimi sikutoa arubuni, nilitoa sehemu ya bei." Kila upande uliapa, na hakika hakuna aliyekuwa akisema uongo.

Tukaenda kwa wazee wa pwani. Swali lao la kwanza lilikuwa, "Karatasi iko wapi?" Hatukuwa nayo, wala yeye hakuwa nayo. Wakaamua turudishe 40,000, nasi tubaki na 20,000 kwa kukaa na chombo miezi miwili. Ili tuzirudishe tulikopa katika ushirika wetu wa akiba na mikopo. Kusi ikaingia, mashua ikakaa juu mchangani, mbao zikakauka na kuachana, mwisho tukaiuza 190,000. Fanyeni hesabu. Mtu wa pili alituletea 280,000. Sisi tulipata 190,000 na zile 20,000, jumla 210,000. Hasara ni shilingi 70,000, mbali na faida ya mkopo. Hatumlaumu yule bwana. Naye alipoteza 20,000, na watoto wake hula kama wetu. Aliyetukosesha sote ni mazoea ya kusema "tutaelewana".

Tangu siku ile tumeuliza na tumesoma. Tuliyoyapata ni haya.

Jambo la kwanza: neno arubuni lina maana zaidi ya moja. Limetoka katika Kiarabu, na wanazuoni wa Kiislamu wamehitilafiana juu yake tangu zamani. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, hayaruhusu mapatano ya kwamba mwuzaji ataila arubuni mnunuzi akijitoa. Imamu Ahmad bin Hanbal aliyaruhusu. Upande wa sheria ya serikali, Kenya hufuata pia misingi ya sheria ya Kiingereza iliyokuwako tarehe 12 Agosti 1897, kama ilivyoandikwa katika Sheria ya Mahakama ya 1967. Katika kesi moja maarufu, Howe na Smith, ya mwaka 1884, majaji wa Uingereza walisema kwamba fedha iliyotolewa kuwa dhamana ya kutimiza ahadi hupotea kwa mnunuzi akivunja ahadi yake. Lakini fedha iliyotolewa kuwa sehemu ya bei tu yaweza kudaiwa irudishwe, na mwuzaji hudai hasara yake. Basi tazameni: watu wawili waweza kutamka neno moja, mmoja akiwa na maana ya dhamana na mwingine maana ya malipo ya kwanza. Hivyo ndivyo tulivyogombana sisi. Usitegemee neno. Andika fedha hiyo itakuwaje kila jambo likitokea.

Jambo la pili: arubuni yamfunga mwuzaji pia. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, yasema kwamba mapatano ya kuuza kitu cha shilingi 200 au zaidi hayawezi kudaiwa mahakamani isipokuwa mnunuzi amepokea kitu au sehemu yake, au ametoa arubuni au sehemu ya bei, au kuna maandishi yenye sahihi ya anayedaiwa. Siku hizi shilingi 200 ni fedha ya kitoweo, kwa hiyo kila mashua imo ndani ya sheria hiyo. Maana yake ni kwamba maneno matupu ya mdomo ni dhaifu, lakini ukishapokea arubuni umejifunga. Mtu wa pili akija na bei kubwa zaidi, huna ruhusa ya kumwuzia na kumtupia wa kwanza fedha zake. Aweza kukushitaki kwa hasara. Kama hujakata shauri, usipokee hata shilingi mia.

Jambo la tatu: mashua ni ya nani wakati wa kungoja? Hapa wengi watashangaa. Sheria ile ile yasema kwamba kikiuzwa kitu kimoja kinachojulikana, nacho ki tayari kutolewa, na watu hawakuagana vingine, basi umiliki huhama saa ile ile ya mapatano, hata kama bei haijalipwa. Na hatari hufuata umiliki. Mashua ikikatika nanga usiku na kupigwa miambani, utamdai mnunuzi bei yote kwa mbao zilizovunjika, naye atakuona mwizi. Ni kweli kwamba mwuzaji asiyelipwa, na chombo bado kiko mikononi mwake, aweza kukizuia mpaka alipwe. Tena akimpa mnunuzi habari kwamba atakiuza, na mnunuzi asilipe katika muda wa haki, aweza kukiuza kwa mwingine. Lakini yafaa kuandika wazi: mashua ni ya mwuzaji, na hatari ni ya mwuzaji, mpaka shilingi ya mwisho ilipwe. Wala usimpe mnunuzi mashua akavulie samaki kwa nguvu ya arubuni. Akitaka kuijaribu baharini, mwende pamoja, na usukani uwe kwa mtu wako.

Jambo la nne: muda. Arubuni isiyo na siku ya mwisho ni kamba isiyo na nanga. Ushauri wetu ni kuhesabu kwa bamvua. Maji ya bamvua yakitoka, mashua hukaa kavu, na fundi wa mnunuzi aweza kutazama mkuku, kuchoma mbao kwa msumari aone kama mdudu wa bahari ameitoboa, na kukagua kalafati. Toka bamvua moja hadi nyingine ni kama siku 15. Bamvua ya kwanza iwe ya kukagua, bamvua ya pili iwe ya kumaliza fedha. Ikipita, mapatano yamekwisha, isipokuwa mmeandika upya.

Jambo la tano: kiasi. Mwuzaji akiwa na shida hupenda arubuni kubwa. Lakini desturi ya kisheria katika mauzo ya ardhi imekuwa asilimia 10. Mwaka 1993, katika kesi iliyotoka Jamaika, majaji wa rufani walioketi London waliamuru arubuni ya asilimia 25 irudishwe, kwa kuwa ilikuwa adhabu na wala si dhamana ya haki. Kesi ile ilikuwa ya ardhi, lakini fikira yake yafaa hata pwani. Kwa mashua ya 300,000, shilingi 30,000 zatosha kumwonyesha mtu kwamba ana nia, wala hazimwui akishindwa. Sisi tulichukua 60,000, yaani asilimia 20, na ukubwa wake ndio uliotushinda kurudisha.

Jambo la sita, nalo ndilo kubwa kuliko yote: usiitumie. Fedha ya arubuni iko mkononi mwako lakini bado si yako. Iweke benki au katika akiba yako, isiguswe mpaka siku ya kumaliza. Mkiwa na mashaka, impeni mtu wa tatu mnayemwamini nyote wawili, naye aandike kwamba ameipokea. Twajua ni vigumu. Mgonjwa akiwa kitandani, fedha haikai mfukoni. Lakini kama shida ni ya leo, mwambie mnunuzi kweli, mkapatane bei ndogo kidogo kwa fedha taslimu mara moja. Sisi tungefanya hivyo na mtu wa pili, tusingeketi mbele ya wazee.

Tena jihadharini na fedha za simu. Ujumbe si fedha. Watu hutengeneza ujumbe wa uongo, kwa hiyo tazama salio lako mwenyewe kabla ya kusema "nimepokea". Na mtu akikutumia nyingi kuliko mlivyopatana, kisha akuhimize umrudishie ziada kwa nambari nyingine, usifanye hivyo. Piga simu kwa kampuni ya simu yako kwanza. Hundi nayo isihesabiwe kuwa fedha mpaka benki imeilipa.

Kabla ya kupokea, weka karatasi zako mezani. Mashua ya uvuvi yapaswa kusajiliwa na kuwa na leseni chini ya sheria ya uvuvi ya 2016. Jina lililo katika usajili liwe la mwuzaji. Kama wenyewe ni watatu, watie sahihi wote watatu. Kama pana deni juu ya chombo, liseme kabla ya arubuni.

Sasa tumeandika mfano wa hati. Ikateni katika gazeti hili mkaiweke, mjaze nakala mbili, kila mtu achukue yake:

HATI YA ARUBUNI. Leo tarehe ......, mimi ......, kitambulisho nambari ......, nimepokea kwa ......, kitambulisho nambari ......, shilingi ......, kuwa arubuni ya mashua iitwayo ......, urefu futi ......, usajili nambari ......, pamoja na vyombo hivi: ....... Bei yote ni shilingi ......, na arubuni imo ndani ya bei hiyo. Fundi wa mnunuzi ataikagua kabla ya tarehe ....... Akiona ubovu mkubwa, nasi tusipatane juu yake, arubuni itarudi yote. Zilizosalia zitalipwa mwisho tarehe ....... Mpaka siku hiyo sitaiuza kwa mtu mwingine. Nikiiuza, au ikipotea au kuvunjika, nitarudisha arubuni yote. Mnunuzi akijitoa bila sababu ya ukaguzi, au akipitisha siku, nitabaki na shilingi ...... tu, na zilizobaki nitamrudishia katika siku 7. Mashua na hatari yake ni vyangu mpaka nilipwe yote. Sahihi ya mwuzaji ......, ya mnunuzi ......, mashahidi wawili ...... na ......

Mkigombana hata baada ya hayo, anzeni kwa wazee na kwa viongozi wa ufuo. Mkishindwa, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mtu aweza kujisemea bila wakili. Lakini hata huko, hakimu atauliza kama wazee walivyotuuliza: "Karatasi iko wapi?"

Ndugu zetu, sisi twawadai waajiri watuandikie mapatano, watie sahihi, na watimize. Mwajiri akisema "tutaelewana", twacheka. Basi kwa nini sisi kwa sisi tuuziane mali ya maisha yetu kwa neno la mdomo? Mnunuzi wako ni mfanyakazi mwenzako. Usiile jasho lake, wala usimwache aile yako. Kuandika hakuvunji udugu. Udugu wetu na yule bwana ulivunjika kwa kutoandika, na hata leo tukikutana naye kwenye feri ya Likoni, kila mmoja hutazama maji.

 Aliye na swali na asimame.