Tuvue Ziwa Ellis Tukikumbuka Kesho



Wengi wenu hubeba mizigo ya wageni mlimani, kwa hivyo mnalijua Ziwa Ellis kuliko mimi. Liko zaidi ya mita 3,000 juu, ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Kenya. Trauti si samaki wa asili hapa. Walianza kuletwa nchini mwaka 1905. Katika maji baridi hukua polepole, na wavu mmoja wa usiku unaweza kumaliza kazi ya miaka.

Wakiisha, mgeni mvuvi ataenda kwingine. Atakayekosa kibarua ni mpagazi wa hapa.

Lipa kiingilio cha KWS, beba leseni ya uvuvi, uvue kwa ndoano. Chukua samaki wa kula jioni hiyo tu. Ukinasa mdogo, lowesha mikono kwanza, mtoe ndoano taratibu, umrudishe majini. Mishipi iliyokatika na takataka, shuka nazo. Mvua ikinyesha magari hukwama. Uliza langoni kabla ya kupanda.

Tukivua hivyo, kijana anayebeba mzigo leo atawakuta samaki siku atakapokuwa kiongozi wa wageni.